Miti ya Baba na Maji ya Bondeni

Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi, mahali lami inapokoma na njia ya miguu inapoanza kuteremka, kuna bonde dogo lenye kinamasi. Halina jina. Ukiwauliza wenye maduka ya Adams Arcade watakuambia hawalijui, ingawa wengi wao wameishi karibu nalo maisha yao yote. Sisi watoto tuliliita bondeni tu, na mama zetu walipotaka kujua tumepotelea wapi walitazama viatu mlangoni. Viatu vikiwa havipo, tumekwenda shule. Viatu vikiwepo na wenyewe hatupo, tuko bondeni.

Bonde lile lilikuwa na tabia yake. Hakuna mto ulioingia mle, wala mfereji. Maji yalitoka chini ya mteremko wenyewe, yakajipenyeza kimyakimya kwenye mizizi ya matete na mafunjo, masika na kiangazi, yakaulowesha udongo mweusi uliobonyea ulipoukanyaga na kuinuka tena ulipoondoa mguu. Upande wa juu palikuwa na jicho la chemchemi, duara la ukubwa wa sinia ya pilau, na ukichungulia ndani uliona mchanga ukichezacheza kwa jinsi maji yalivyousukuma kutoka chini. Niliweza kukaa hapo nikiutazama mpaka magharibi. Siku hizi nikichoshwa na kelele za mjini hufumba macho dukani kwangu nikauona tena mchanga ule, na mteja akinikuta hivyo hudhani nimelala.

Mama yangu ni mtu wa Mombasa, wa Mji wa Kale, aliyelelewa katika nyumba yenye kisima uani. Baba alipomleta Nairobi baada ya harusi, vitu viwili vilimtoa machozi: baridi ya mwezi wa saba, na bomba. Bomba letu lilitoa maji likijisikia. Wiki hii yapo, wiki ijayo linakoroma na kutema upepo. "Mji mkubwa hivi," alikuwa akisema, "na maji yangojewa kama mgeni." Siku jirani yetu alipomshika mkono akampeleka bondeni na kumwonyesha lile jicho, mama alichutama, akachota kwa kiganja, akanywa. Husema siku hiyo ndipo alipohamia Nairobi. Miezi yote ya nyuma alikuwa amekuja kutembea tu.

Jirani huyo alitoka Kakamega, mama wa rafiki yangu wa utotoni, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichofika nyumba ya tatu. Alikuwa na kishamba cha nduma ukingoni mwa kinamasi. Nduma hupenda kusimama majini, na pale hakuna aliyehitaji kuzimwagilia. Mama huziita majimbi, kama watu wote wa Pwani, na sikumbuki Ramadhani iliyopita nyumbani kwetu bila majimbi ya nazi yaliyong'olewa asubuhi ile ile bondeni. Bakuli likipelekwa kwa jirani halikurudi tupu. Lilikwenda na majimbi, likarudi na mboga ya mrenda au kunde. Krismasi lilikwenda na biriani, likarudi na kuku aliyekaangwa. Wabebaji tulikuwa mimi na binti yake, na tulionja njiani bila haya yoyote, hata mimi wakati wa saumu, Mungu anisamehe, nilikuwa mdogo.

Baba hakulipenda bonde. Alikuwa mtu wa mjini wa kweli kweli, mwenye duka la kanzu, kofia na leso mtaa wa pili kutoka msikiti mkuu, na alivaa viatu vilivyong'aa hata akienda kununua mkate. Kwake yeye bondeni palikuwa mahali pa mbu na vyura wanaomnyima usingizi. Mama akichelewa huko alasiri, baba alimfuata hadi mwisho wa lami, hapo akasimama na kitambaa mkononi, akaita. Hakushuka hata hatua moja. Mama alimjibu kutoka kwenye matete kwamba anakuja, na hakuja. Walifanya mchezo huo miaka mingi, na mimi niliuona ni ugomvi. Nilipoolewa nikajua si ugomvi.

Kilichomteremsha baba bondeni ni hotuba ya Ijumaa moja. Sisi Waislamu tunaamini kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo machache yanayoendelea kumwandikia thawabu akiwa kaburini. Moja ni sadaka jariya, sadaka isiyokatika: kisima ulichochimba, au mti uliopanda. Maadamu kuna ndege anayetua juu yake au mpita njia anayepumzika kivulini mwake, wewe uliyelala chini unaandikiwa. Haya baba aliyajua tangu madrasa, lakini Ijumaa ile nadhani yalimkuta akiwa amehesabu umri wake. Alirudi nyumbani amechangamka. Mtu wa duka akisikia faida isiyokatika, hasinzii.

Shida ni kwamba hatukuwa na ardhi, ila uga wa kuanikia nguo. Baba akafikiri, akasema atapanda bondeni, kandokando ya kinamasi, mahali ambapo mkewe angepata kivuli cha kukaa badala ya kuungua jua kama mchungaji. Akatafuta mche unaokua haraka kuliko yote. Mama alimshauri mwembe. "Mwembe utanizika kabla sijaona jani la maana," baba akajibu. Alichagua mikaratusi.

Mtaa mzima uliteremka siku ya kupanda. Nani atapinga mti? Hapa Nairobi mtu akishika mche mkononi hata maadui zake humpiga picha. Vijana wa msikitini walichimba mashimo, jirani yetu na akina mama wa kanisa lake walichota maji kwenye jicho la chemchemi wakainywesha miche, na baba, aliyevaa viatu vya mpira vya kuazima, alipita kutoka shimo hadi shimo akisema bismillahi. Walipanda safu moja juu ya chemchemi na nyingine kando ya kinamasi upande wa chini. Tulikula mahamri hapo hapo, tumesimama. Ilikuwa siku nzuri na siwezi kuikumbuka kwa ubaya hata sasa, nikijua nilichokuja kukijua.

Miti ilikua kwa kasi ya kutisha. Kila ulipogeuka ilikuwa imeongeza pima. Na baba akawa mtu wa bondeni. Jumapili, siku ya kufunga duka mapema, alishuka na kigoda na chupa ya chai ya tangawizi, akatandika leso ya zamani juu ya kigoda ili suruali isichafuke, akakaa chini ya miti yake. Mama alikaa kando yake. Mbu aliokuwa akiwalaani miaka yote sasa aliwapiga makofi polepole, bila chuki. "Sikiliza," alikuwa akimwambia mama upepo ukipita juu. Mama alisikiliza. Binti wa jirani na mimi, watu wazima wenye watoto wetu, tulikuwa tukiwatazama kutoka mwisho wa lami na kuwacheka kwa siri. Ningependa nirudishiwe Jumapili moja kati ya zile, hata yenye mvua.

Baba alikufa ghafla, asubuhi ya siku ya kazi, akiwa amevaa tayari. Nyumba ikajaa watu wa Mombasa na wa mtaani. Siku hiyo mama alikuwa wa masahani na majamvi, nani amekula, nani amepata pa kulala, na nilimwona akimfariji hata mtu aliyekuja kumfariji. Akakaa ndani eda yake ya ujane. Eda ilipokwisha, mahali pa kwanza alipokwenda ni bondeni. Nilifuatana naye. Alisimama chini ya mikaratusi, akaweka mkono juu ya gome la mmoja, na ndege wadogo, mnana wenye rangi ya njano, walikuwa wakipiga kelele juu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Anaandikiwa," akasema.

Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yake. Mtu akipumzika kivulini pale, anaandikiwa. Mbuzi wa watu akijikuna kwenye shina, anaandikiwa. Nilimtania mara moja kwamba baba ana faida kubwa huko kuliko aliyowahi kuipata dukani, na mama alicheka hadi akafuta macho.

Duka nililirithi mimi. Hapo ndipo rafiki yangu, binti wa jirani, aliponikuta mchana mmoja, miaka michache baada ya msiba. Alikuwa amesomea mambo ya maji na kazi yake ilikuwa hiyo. Alijifanya amekuja kununua leso. Alizifungua, akazikunja, akazifungua tena, na mimi namjua, huyu hanunui leso bila kusoma maandishi yake kwa sauti.

"Sema," nikamwambia.

"Sikiza, usikasirike," akasema. "Ile bonde yetu inakauka."

"Ni kiangazi."

"Si kiangazi. Nilichomeka paipu kule kwa matope, kitambo, nikikuja kuona mathe napima na kamba. Maji inashuka. Mvua ikinyesha inapanda kidogo, alafu inashuka kuliko ile ya kwanza." Akashusha sauti. "Ni miti ya mzee."

Nilimwambia sielewi. Akanielezea kwa mikono, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Bonde lile ni kama sufuria yenye kitundu chini na bomba dogo juu. Maji yanaingia polepole kutoka chini ya kilima, yanatoka polepole upande wa pili, na kwa sababu yanayoingia na yanayotoka yanalingana, sufuria haijai wala haikauki. Ndiyo maana palikuwa vile vile tangu tukiwa watoto. Ule udongo mweusi nao ni majani ya miaka na miaka yaliyokataa kuoza kwa sababu yamelala majini. Ukikauka utaoza na kuwa vumbi, na vumbi halishiki maji tena. "Sasa mkaratusi inakunywa mchana na usiku, haijali kiangazi. Mmeiweka juu ya chemchemi, mmeiweka na kwa mlango ya kutokea." Aliniambia pia kwamba ghorofa mpya za Ngong Road zinavuta maji ya chini kwa visima vyao vya mashine, na kwamba hilo mimi na yeye hatuliwezi. "Lakini miti tunaweza."

"Mamako anajua?"

"Anajua. Amenikataza kusema. Amesema nikitaja hiyo kitu kwa mamako, nisikanyage kwake tena." Akachukua leso moja bila kuitazama. "Kwa hivyo sijakuambia."

Nilimfungia ile leso. Nilikaa na maneno yake miezi kadhaa, na ningejua namna ya kuyasema ningeyasema. Fikiria mwenyewe. Mama yangu ana mapenzi mawili yaliyobaki hapa Nairobi, maji ya bondeni na miti ya mumewe, na mimi nimwendee nimwambie kimoja kinakiua kingine. Nimwambie baba, kaburini, anaandikiwa nini hasa?

Lakini mama macho anayo. Mafunjo yalianza kugeuka rangi ya chai kuanzia ncha. Kereng'ende waliokuwa wakitua juu ya vidole vyetu walitoweka. Jicho la chemchemi lilipungua, na ule mchanga uliokuwa ukichezacheza ukatulia. Vyura nao walinyamaza, na usingizi mzuri tulioupata wala hatukuufurahia. Mama alilaumu jua. Akalaumu ghorofa. Akamlaumu mtu aliyemwaga kifusi cha ujenzi upande wa barabara, ambaye kwa kweli alistahili kulaumiwa. Miti hakuitaja, na mimi sikuitaja.

Alasiri moja ya kiangazi tulishuka pamoja na kumkuta jirani yetu kwenye nduma zake. Alikuwa amebeba mtungi wa maji, ile mitungi ya njano ya lita ishirini, na mingine ilikuwa imepangwa kwenye njia. Tuliitambua. Ilikuwa ya mwuza maji wa mkokoteni anayepita mtaani bomba zikikatika. Jirani, mwanamke wa umri wa mama yangu na mwenye magoti mabovu, alikuwa amenunua maji barabarani, akayateremsha mtungi baada ya mtungi, na alikuwa anainama kuyamwaga kwenye kinamasi.

Mama alisimama. Alitazama ile mitungi, akatazama ardhi ilivyopasuka, akainua macho juu kwenye mikaratusi iliyokuwa mibichi na minene kuliko wakati wowote.

"Wafanya nini, dadangu?"

"Ni hii jua tu," jirani akasema. Hakumtazama usoni. "Itapita. Mambo ya Ramadhani ikifika nduma itakuwa tayari, usijali."

Mama alimsaidia kumwaga mitungi iliyobaki. Tulipopanda na kufika kwenye lami, mama alinishika kiwiko.

"Ni miti?" akauliza.

"Ni miti, Mama."

Akaendelea kutembea. Usiku ule hakula, na mimi nilijua asiyeelewa ataona ni jambo dogo, mwanamke anayeshindwa kukata miti isiyo hata na matunda. Kwake ilikuwa ni kwenda kaburini kwa mumewe na kumpokonya kitu mkononi. Aliniambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Kesho yake alimpigia simu ustadhi wetu wa mjini, mzee mpole aliyenifundisha kusoma Kurani. Mama alitaka kujua kama mti wa sadaka ukikatwa, thawabu ya aliyeupanda hukatika nao. Ustadhi akasema suala hilo lina pande nyingi na linahitaji utafiti. Nampenda sana yule mzee. Hadi leo anatafiti.

Kwa hiyo mama alivaa baibui, akaenda kwa jirani. Nasema akaenda kwa sababu wale wawili walikuwa wakikutana bondeni, uani, ngazini, popote isipokuwa kukaa sebuleni kama wageni. Safari hii mama alibisha hodi mlango wa mbele. Jirani alipomwona na baibui akajua kuna jambo. Akavuta viti, akazima televisheni, na mimi nikakaa pembeni.

"Kwa nini hukunambia?" mama akauliza.

Jirani hakujifanya haelewi. "Ningesema aje? Ile miti ni ya mzee. Huko kwetu mtu akishaenda, kitu alipanda na mkono yake haiguswi ovyo. Wewe unaenda pale, unasimama, unafurahi. Mimi nikuje niseme kata, juu ya nduma?"

"Ukanunua maji."

"Maji si kitu."

"Ukanunua maji, dadangu, ukaenda kuyamwaga mahali uliponinywesha bure. Mume wangu alipanda ile miti watu wapate nafuu. Hakuipanda wewe ubebe mitungi. Angelijua angeliing'oa yeye mwenyewe, na vile viatu vya mpira."

Jirani akaanza kucheka kwa kukumbuka vile viatu vya kuazima, mama naye akashindwa, na kwa muda walicheka wawili hao kama wasichana, wakifuta macho kwa ncha za leso. Kisha mama akasema ikatwe, akaomba maji ya kunywa.

Hata hivyo huwezi kuamka tu na kukata miti mikubwa Nairobi. Ilibidi kwenda kwa chifu, kisha ofisi nyingine, kisha kurudi kwa chifu, na kote huko tulieleza kwamba tunataka kukata miti ili kuhifadhi mazingira, na kote walitutazama kama wezi. Rafiki yangu alikuja na kamba yake na paipu yake akawaelewesha. Mama alitoa sharti moja tu: gogo lisiuzwe. Atakayetaka mbao au kuni achukue bure, ila amwombee mwenye miti. Siku ya kukata walikuja wengi. Fundi mmoja aliyekuwa akijenga banda la kanisa alichukua nguzo nne, akavua kofia na kumwombea baba kwa jina la Yesu, kwa sauti kubwa na kwa kirefu, akamtaja na mjane na watoto na biashara. Mama alisimama mikono wazi, akaitikia amina kila palipostahili.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mkaratusi haufi kwa kukatwa. Haukupita muda mrefu, kila kisiki kikawa kimevaa machipukizi, laini, ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati, yakinukia kama dawa ya mafua. Rafiki yangu akatuambia tusidanganyike. Yakiachwa, yatakuwa miti upya. Ni kuyavunja kila yakitokea, mpaka mizizi ichoke yenyewe. Nikasema nitatafuta kijana wa kumlipa. Mama akakataa.

"Nguo zake nilimfulia mimi," akasema. "Na hili langu."

Ikawa kazi yetu ya kila Jumapili. Mama alijifunga leso kiunoni, akapita kisiki kwa kisiki akivunja machipukizi kwa mkono. Mwanzoni alifanya kwa uchungu, akisema "Nisamehe, nisamehe," na nilitamani kumrudisha nyumbani. Lakini yaliendelea kuchipua, wiki baada ya wiki, na taratibu maneno yakabadilika. "Nimekwambia basi, bwana," alikuwa akisema. "Wewe mtu husikii?" Au, akikuta kisiki kilichotoa shada zima mahali alipovunja moja: "Haya, endelea na ukaidi wako. Tutaona nani atachoka." Alimsimulia habari za duka, za wajukuu, za bei ya nazi. Baba alikuwa mbishi maisha yake yote na ilionekana hajaacha. Nilikuwa nikicheka huku nikishika kikapu. Sikumwambia mama, lakini nilizipenda zile Jumapili karibu sawa na zile za zamani.

Mvua za vuli zilikuja, kisha za masika. Kamba ya rafiki yangu ilianza kutoka kwenye paipu ikiwa imelowa juu zaidi. Udongo mweusi ukarudia kubonyea. Nduma zilitoa majani mapana, jirani akaacha kununua maji, na usiku mmoja mume wangu akaniuliza kelele hizo ni za nini, nami nikamwambia ni vyura, lala. Siwezi kusema pamerudi kama palivyokuwa. Ghorofa zinavuta bado, na jicho la chemchemi ambalo lilikuwa sinia sasa ni kisahani cha chai. Ila ukichungulia, mchanga unacheza. Safu ya chini ya visiki ilikuwa sasa imesimama majini.

Jumapili moja mama alianza mzunguko wake kama kawaida. Kisiki cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili hakikuwa na kitu. Alikwenda hadi mwisho wa safu ya chini, akapanda akaimaliza ya juu, kisha akarudi kwenye cha kwanza akakipapasa pande zote kwa vidole, akidhani macho yamemdanganya. Gome lilikuwa limelegea na kuachana na mti.

"Imechoka, Mama," nikamwambia, na nilifurahi, naapa nilifurahi. Jirani, aliyekuwa kwenye nduma zake, alipiga kigelegele.

Mama akaketi juu ya kile kisiki na kuanza kulia. Alilia kilio ambacho sikukisikia siku walipomtoa baba nyumbani, wala eda nzima, cha mtu anayekosa pumzi. Jirani aliacha jembe matopeni, akaja na magoti yake mabovu, akaketi karibu naye na kumshika bila kumwuliza kitu. Mimi nilibaki nimesimama na kikapu kitupu.

"Sasa ndiyo amekwenda," mama akasema, miguu yake ikiwa ndani ya maji.